Karani wa Forodha na Miswada Iliyosubiri: Somo la Shaaban Robert kwa Sisi Tunaoogopa Kukataliwa



Safu hii ya leo naiandikia Ras Kitau, upande wa Manda unaotazamana na Shela. Huku ni mchanga, mikoko na mashua zinazovusha watu. Maji matamu ni ya shida na kelele ni kidogo, kwa hivyo mtu akishindwa kuandika huku hana wa kumlaumu. Mimi nilishindwa kwa miezi saba.

Sababu yenyewe ni ya aibu. Mwaka jana niliandika makala ndefu kuhusu maisha ya baharini, nikaipeleka kwa gazeti moja. Ilirudi na jibu la mistari miwili. Baada ya hapo kila nilipofungua daftari niliona ile mistari miwili kabla sijaona la kuandika. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Sina mshahara wala ofisi, na hakuna anayeniuliza kwa nini sijaleta kazi. Basi nikaacha, nikajiambia napumzika.

Katika daftari hilo mlikuwa na mazungumzo yangu na mzee mmoja nahodha wa zamani, aliyenieleza safari za kaskazini enzi za majahazi: nyota alizofuata, bandari alizotia nanga, nyimbo za kutweka tanga. Nilimuahidi nitayaandika. Mzee amefariki Rajabu iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu, na hakusoma hata mstari mmoja. Siku ya maziko nilielewa kwamba hofu yangu ilikuwa na gharama, na aliyeilipa ni yeye.

Niliporudi huku nilichukua kitabu cha maisha ya mtu ambaye wengi wetu tulilazimishwa kumsoma darasani, tukafaulu mtihani, tukamsahau. Nataka tumtazame upya, si kama sanamu la fasihi, bali kama mtu wa pwani aliyekuwa na kazi ya kuajiriwa, watoto, misiba na miswada isiyochapishwa. Mtu huyo ni Shaaban Robert.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 kijijini Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Kwa asili ya ukoo alikuwa Myao, lakini mwenyewe alijiita Mswahili, na hakuna aliyeitumikia lugha hii katika karne iliyopita akashinda yeye. Wakati anazaliwa Tanganyika ilikuwa ya Wajerumani. Alipokuwa mtoto ikaja vita kuu ya kwanza, na alipobaleghe watawala walikuwa Waingereza. Mwaka 1922 alipelekwa shule Dar es Salaam, akasoma hadi 1926. Elimu yake ya darasani iliishia hapo. Nalisema hili makusudi, kwa sababu wapo vijana wetu wanaoamini kwamba bila shahada kubwa mtu hana haki ya kushika kalamu. Mimi mwenyewe nina diploma tu, na najua namna karatasi za wengine zinavyoweza kumtisha mtu.

Mwaka huo huo wa 1926 akaingia kazini katika idara ya forodha. Kwa miaka 18 alikuwa karani wa forodha, na Pangani ni miongoni mwa bandari alizotumikia. Sisi watu wa visiwani tunaijua kazi ya forodha. Ni vitabu vya hesabu, mizigo, mihuri, na manahodha wenye haraka. Hakuna aliyemwajiri ili atunge. Utungaji wake wote ulikuwa nje ya saa za kazi, kwa mafuta yake ya taa na karatasi zake, na hakuna aliyemuahidi malipo. Kwa lugha ya siku hizi, huyo alikuwa mwandishi wa kujitegemea hasa.

Alianzia wapi? Hakuanza na kitabu. Katika miaka ya 1930 mashairi yake yalianza kutoka katika Mambo Leo, gazeti la Kiswahili lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923. Gazeti hilo lilikuwa la serikali, lakini ukurasa wake wa mashairi ulikuwa baraza. Watu wa Tanga, Unguja, bara na pwani walikutana humo, wakasifiana na kukosoana. Anayeandika katika ukurasa wa namna hiyo anajizoesha kusomwa na watu wasiomjua na wasiomhurumia. Shaaban Robert alipitia mafunzo hayo mwaka baada ya mwaka, kabla hajawa na jina.

Kisha ikaja misiba. Mke wake Amina alifariki wakati wa vita kuu ya pili, akimwachia watoto. Wako waandishi ambao msiba huwafunga mdomo, na hilo si la kulaumiwa. Yeye aliugeuza msiba ukawa shairi la maombolezo linalobeba jina la marehemu, na mpaka leo wapo wanaolijua kwa moyo. Akawatungia watoto wake pia. Bintiye alimtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamtungia Utenzi wa Adili.

Hapo Lamu inaingia katika habari hii. Miaka mingi kabla ya Utenzi wa Hati, katika visiwa vyetu hivi hivi, Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, aliona mauti yanamkaribia akamtungia bintiye utendi wa mawaidha. Hiyo ilikuwa mwaka 1858. Mwana Kupona hakuwa na mchapishaji wala mhariri wa kumpelekea. Alikuwa na msomaji mmoja tu aliyemkusudia, bintiye. Utendi ule ukanakiliwa kwa mkono, ukahifadhiwa vifuani, ukavuka karne. Shaaban Robert alipoketi kumwandikia bintiye alikuwa anatembea katika njia iliyofunguliwa na mama huyo. Kwa hivyo tusidhani mtu wa Tanga ametoka mbali na sisi.

Tena msimsahau Muhammad bin Abubakar Kijuma, mtu wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mnakili, mchonga mbao na mpiga muziki. Alinakili tendi za zamani kwa hati nzuri ya Kiarabu na kuwapelekea wataalamu wa Ulaya waliozihitaji. Nyingi katika nakala hizo zimo London na Ujerumani hadi leo. Kama Kijuma angengoja mji wote umpongeze kwanza, sehemu kubwa ya urithi wetu ingeliwa na mchwa.

Turudi kwa karani wetu. Mwaka 1944 alitoka forodhani akahamishiwa bara, Mpwapwa, katika idara ya wanyama. Mtu wa pwani akapelekwa mahali pasipo bahari. Mwaka 1946 akarudi Tanga, akafanya kazi ofisi ya mkuu wa jimbo hadi 1952, kisha ofisi ya upimaji ramani hadi 1960. Nazitaja tarehe hizi ili msomaji aone jambo moja. Katika miaka 34 ya utumishi hapakuwa na hata mwaka mmoja ambao mtu huyu alipewa likizo ya kwenda kuandika. Tunapolalamika kwamba hatuna nafasi, tukumbuke hilo.

Sasa tuje kwenye kukataliwa na kungojeshwa.

Zama zile mtunzi wa Kiswahili hakuwa na milango mingi ya kubisha. Tangu mwaka 1930 palikuwa na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoundwa na serikali za kikoloni kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, na vitabu vya shule vilipita mbele ya macho yake. Wachapishaji walikuwa makampuni ya Uingereza, na soko waliloliona ni shule. Anayeamua kitabu gani kinafaa kwa Mswahili mara nyingi hakuwa Mswahili. Mtunzi alituma mswada kwa meli, akasubiri meli irudi, na jibu likija lilikuwa neno la mwisho.

Tazameni basi mkusanyo wake wa mashairi, Pambo la Lugha, ulitokea wapi mwishoni mwa miaka ya 1940. Haukutoka Tanga, wala Dar es Salaam, wala Nairobi. Ulitolewa na chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, Afrika Kusini, katika mfululizo wa vitabu vya lugha za Kiafrika. Mshairi wa Machui alipata mlango katika nchi ambayo watu wake hawasemi Kiswahili. Milango ya karibu ilipokuwa mizito, alibisha ya mbali. Hili ni somo la kwanza. Mhariri mmoja akikataa, amekataa mhariri mmoja. Dunia ina bandari nyingi, na nahodha aliyekosa mahali pa kutia nanga Malindi hachomi chombo chake.

Baada ya hapo vitabu vikaanza kutoka. Sehemu ya kwanza ya tawasifu yake, Maisha Yangu, ilitoka mwaka 1949, Kusadikika mwaka 1951, Adili na Nduguze mwaka 1952. Wengi wetu tulisoma Kusadikika kama hadithi ya nchi iliyoko hewani. Isomeni tena kama mtu aliyewahi kurudishiwa kazi. Karama ameshitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kufundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote za dunia kutafuta yatakayoifaa nchi yao. Kila mjumbe alirudi na taabu mwilini na hazina ya maarifa mkononi, na malipo yake yakawa kifungo. Mimi naona kwamba aliyetunga kisa hicho alijua vizuri nini maana ya kuleta jambo jema mbele ya wenye mamlaka, likatupwa. Na aliandika hayo chini ya serikali ya kikoloni, akiwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Hofu aliyokuwa na haki ya kuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko yangu ya mistari miwili.

Lakini kwa kila kitabu kilichotoka, kilikuwapo kingine kilichobaki kinangoja. Wakati wa vita kuu ya pili alifanya kazi ya utenzi mkubwa kuhusu vita hivyo, Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo 3,000. Fikirini: beti 3,000, kila ubeti na vina vyake, kutoka kwa mtu anayeamkia ofisini. Kazi hiyo ilitoka kama kitabu mwaka 1967. Kufikirika, kisa alichokiandika katika miaka ya 1940, nacho kikatoka mwaka 1967. Siku ya Watenzi Wote na Utubora Mkulima vikatoka mwaka 1968.

Na mwandishi mwenyewe alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53.

Hapa ndipo nilipokiweka kitabu chini, nikatoka nikatembea ufukweni hadi maji yalipoanza kujaa. Mtu huyu alimaliza miswada, akaiweka sawa, na hakuiona ikawa vitabu. Kama angekuwa anaandika ili akubaliwe, angeacha mapema sana, na hakuna ambaye angemlaumu. Utenzi ule wa beti 3,000 haungefika hata beti 300. Alichoweza kukitawala ni kumaliza kazi na kuitoa mkononi. Yaliyobaki hayakuwa yake, na inaonekana alilijua hilo.

Wala hakukaa kimya akingoja huruma. Katika miaka ya 1950 alikuwa ameshaingia katika vyombo vilevile vilivyosimamia lugha na vitabu, akiwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Alipewa tuzo ya Margaret Wrong kwa uandishi, na serikali ya Uingereza ikampa nishani ya MBE. Lakini hata mwenye nishani aliona milango haimtoshi, kwani mwishoni mwa miaka hiyo alianzisha shughuli yake ya uchapishaji mjini Tanga, na Insha na Mashairi ni miongoni mwa vitabu vilivyotoka hapo. Leo kijana akiweka kazi yake mtandaoni mwenyewe huambiwa amekosa subira. Basi mkubwa wetu naye alifanya hivyo, kwa pesa zake, kwa zana za zama zake.

Wanaotaka kumjua bila joho la ushairi wasome barua zake. Kuanzia mwaka 1931 hadi 1958 alimwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, na barua hizo zilichapishwa kuwa kitabu mwaka 2002. Humo hamna sanamu. Mna kaka anayeandika kwa ndugu yake, mwajiriwa mwenye kuhamishwa, baba mwenye watoto, na mtunzi mwenye kazi mkononi. Huhitaji kuwa mtu wa ajabu ili uandike. Inatosha kuwa na ndugu mmoja wa kumweleza unavyoendelea. Mimi katika miezi ile saba sikumwambia mtu hata mmoja. Aibu iliyofichwa hukua, na naamini nusu ya ugonjwa wangu ilikuwa hiyo.

Nimebakiza kitabu kimoja, na ndicho kilichonirudisha kwenye daftari. Ni Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, katika jamaa maskini, akauza vyungu vya udongo, na mwishowe akawa sauti ya taarabu ya pwani nzima. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Watu waliokuwa wakimcheka kwa asili yake wakaanza kuzitafuta santuri zake. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliyachukua maisha ya mwanamke huyu aliyedharauliwa, akayaandika kwa heshima ambayo zama zile waliandikiwa masultani na magavana. Yalichapishwa mwaka 1958, na leo tunayajua mengi ya Siti kwa sababu mtu mmoja hakuacha kalamu yake ilale.

Nilijiuliza: je, kama karani huyu naye angepata mistari miwili ya kumvunja moyo, akapumzika miezi saba, kisha mwaka, kisha akasahau? Siti angekuwa nani kwetu? Pengine sauti tu katika santuri iliyokwaruzika. Mwandishi anapokataliwa hudhani amekataliwa yeye. Ukweli ni kwamba mara nyingi amebeba amana ya mtu mwingine, na kwa kunyamaza kwake huyo mtu mwingine ndiye anayezikwa mara ya pili.

Hili nalisema kwa Lamu yetu hasa. Wazee wanaondoka. Anaondoka fundi wa majahazi wa Matondoni, mshona kofia, mama anayejua tumbuizo zote za harusi, bingwa wa kusoma maulidi. Pembeni yao wako vijana wenye simu nzuri na Kiswahili kizuri, ambao hawaandiki kwa sababu mwalimu aliwahi kucheka insha yao, au mhariri hakujibu, au wanaogopa watu wa mtaani watasema amejiona nani. Watasema tu. Pwani haijapata kukosa wasemaji.

Kwa hivyo mimi nimejiwekea utaratibu mdogo, nauandika hapa ili mnishike nao. Naandika kabla sijasoma ujumbe wowote wa mhariri. Nikimaliza kazi naipeleka ndani ya wiki moja, hata kama haijanipendeza yote. Ikirudi naitazama mara moja: kama kuna kosa la kweli nalirekebisha, kama hakuna naipeleka kwingine. Na kila nikikwama sianzi na sentensi nzuri, naanza na jambo ninalolijua: jina la jahazi, mwezi wa safari, nyota iliyofuatwa. Hutaamini namna kalamu iliyogoma inavyolegea ikipewa kitu cha kweli cha kushika.

Makala ya nahodha wetu imekamilika wiki iliyopita. Nimewasomea wanawe kwanza, barazani kwao, baada ya magharibi. Mkubwa wao alinirekebisha majina mawili ya bandari niliyoyakosea, na bintiye akaniomba nakala aiweke pamoja na vitu vya baba yake. Kisha nikaituma. Bado sijajibiwa, na huenda ikarudi. Ikirudi nitaituma kwingine, inshallah.

Shaaban Robert amelala Machui, karibu na alipozaliwa. Mwenyezi Mungu amsamehe na amrehemu, yeye na Mwana Kupona na Kijuma na Siti, na nahodha wetu, na atupe sisi tuliobaki moyo wa kumaliza tulichokianza.